Shuka za Nyumba ya Mwaya

Kola ndiyo iliyonipatia kazi. Siku hiyo nilikuwa nimefika bandari ya Mwaya kwa mtumbwi, nimeleta vyungu vya mama yangu kuuza, na meli ya moshi ilikuwa imetia nanga. Akashuka Mjerumani mmoja mwembamba mwenye makasha manne. Shati lake lilikuwa limelowa jasho na kola imelala kama jani la mgomba lililopigwa jua. Aliponipita alisimama, akarudi hatua mbili, akaishika kola ya gauni langu kwa vidole viwili bila hata salamu.

"Nani amepiga pasi hii?" akauliza kwa Kiswahili cha kuungaunga.

"Mimi mwenyewe."

"Nani alikufundisha?"

"Mke wa mchungaji, kule misheni."

"Kesho uje hapa." Akaonyesha kiwanja kitupu kati ya ghala la bandari na migomba ya watu. "Pale patakuwa na hoteli."

Neno hilo sikulijua. Nilidhani ni aina ya kanisa.

Mimi ni Mkisi wa Matema, pale milima ya Ukinga inaposhuka moja kwa moja hadi ziwani na kuacha ukanda mwembamba wa mchanga wa watu kuishi. Mama alikuwa mfinyanzi, na mama yake vilevile. Niliolewa na Mnyakyusa wa huku tambarare, upande wa Kyela, kwenye migomba na mpunga. Mwaka wa tatu mume wangu akafa kwa homa kabla hatujapata mtoto. Ndugu zake wakataka nirithiwe na mdogo wake. Alikuwa mtu mwema, ila mimi sikutaka. Nikakimbilia misheni, wakanipokea, na huko nikajifunza kushona, kufua na kupiga pasi. Niliporudi kwa mama nilikuwa na gauni moja lenye kola, nikilitunza kama mboni ya jicho. Matema hakuna aliyehitaji kupigiwa pasi. Kwa hiyo kesho yake nikaenda Mwaya.

Nyumba ilichukua karibu mwaka mzima kujengwa. Ilikuwa ya matofali ya kuchoma, yenye vyumba sita, ukumbi wa chakula, na baraza pana iliyoelekea ziwani. Wakati ule wasafiri wa Kizungu walioshuka kutoka boma la Tukuyu walifika Mwaya na kukaa siku tatu, nne, hata wiki wakisubiri meli ya kwenda kusini. Walilala kwenye mahema, wakaumwa na mbu, wakagombana na wapagazi wao. Bwana wetu aliliona hilo siku ileile aliyoshuka, maana hata yeye alilala hemani.

Tulikuwa watatu wa kazi: mpishi aliyewahi kupika Songea, mhudumu wa meza, Mnyakyusa aliyesoma misheni na kujua Kijerumani kidogo, na mimi wa kufua. Bwana aliniita "mama dobi", na mpaka leo wapo wazee Mwaya wanaoniita hivyo.

Katika lile kasha kubwa kuliko yote kulikuwa na picha za hoteli. Alizitundika ukutani kwenye ujia wa vyumbani, na kila mchana ambao hapakuwa na mgeni alitupitisha mbele yake kama mwalimu na wanafunzi. Kulikuwa na ya Kairo, yenye baraza iliyoinuka juu ya barabara, ambapo wafalme na wakubwa walikunywa chai wakitazama watu wakipita. Kulikuwa na ya Bombei, yenye kuba ambayo, alisema, mabaharia waliiona kabla ya kuuona mji wenyewe. Kulikuwa na ya Berlini. Ya mwisho ilikuwa ya Uswisi, nyeupe, kubwa kama mlima mdogo, nayo ilikuwa kando ya ziwa, na nyuma ya ziwa milima. Hiyo aliipenda kuliko zote. Alituambia kwamba alikuwa mkuu wa ukumbi wa chakula pale kwa miaka kumi na mmoja, na aliichagua Mwaya kwa sababu, akiwa juu ya meli, aliona milima ya Ukinga inaingia majini kama kule.

"Ngazi yake ni ya marumaru," alisema. "Watu wanane wanaweza kupanda bega kwa bega. Katikati zulia jekundu. Juu, taa ya vioo elfu."

"Ngazi hiyo nani anaipangusa, Bwana?" niliuliza.

Alinitazama kidogo. "Watu. Watu wapo."

Nisiwafiche, tulizipenda hadithi hizo. Mpishi alikuwa akiwasimulia watu sokoni kana kwamba amemla samaki wa Uswisi kwa mkono wake. Mimi nilimsimulia mama, naye alikuwa akisikiliza huku akisugua chungu kwa kokoto laini. Alitaka kujua jambo moja tu: maji ya kuoga ya watu wote hao yalichotwa na nani.

Hoteli yetu haikuwa na marumaru. Ilikuwa na mitungi ya Kikisi ya maji ya kuoga, viti vya matete, na nzi. Lakini Bwana alikuwa na sheria moja aliyoishikilia kama amri ya Mungu: mgeni asiulizwe jambo lilelile mara mbili. Akishasema hanywi maziwa, asiulizwe tena, hata akirudi baada ya mwaka. Tuliyashika yote kichwani. Bwana mpima ardhi hulala bila mto. Daktari wa boma anataka maji ya moto kabla ya jua kuchomoza. Mchungaji wa Ukinga ana mguu mbovu, apewe chumba cha kwanza. Niliwaona watu wazima wenye ndevu wakifika wamekunja uso, wakikuta kitanda kimetandikwa vile walivyotaka safari iliyopita bila wao kusema neno, wakawa wapole kama watoto waliobebwa. Hapo nilianza kuelewa hoteli ni kitu gani.

Kisha ikaja masika. Anayeijua Kyela anajua mvua yake. Mwezi wa nne na wa tano maji yanatoka juu, yanatoka chini, na nguo iliyofuliwa Jumatatu, ikifika Jumamosi inanuka ukungu. Shuka zikaanza kuwa na madoa meusi. Nilimwendea Bwana nikamwambia kazi imenishinda.

Hakunigombeza. Aliniuliza kama mama yangu anaweza kufinyanga vyungu vyenye mdomo mpana na matundu ubavuni. Mama akafinyanga kumi na viwili. Bwana akavipanga katika chumba kidogo nyuma ya jiko, akatia makaa, akafunga kamba juu kwa juu, akatoboa tundu la kutolea mvuke chini ya paa. Kamba alizipima kwa urefu wa mkono wake, upesi, bila kufikiri. Shuka zikakauka kwa nusu siku. Halafu akasimama nami mezani kupiga pasi, maana zilikuwa nyingi, na hapo ndipo nilipoona ajabu.

Mimi nilijiona fundi. Yule bwana aliishika pasi ya mkaa kama mtu anavyoshika kijiko chake cha kila siku. Alisogeza kiganja karibu na chuma, akajua. Shuka moja aliimaliza wakati mimi nipo kwenye pindo. Alinifundisha kutia wanga mwembamba wa maji ya mchele kwenye pindo la juu tu, ili lisimame huku shuka yenyewe ikibaki laini, na kukunja pembe mara tatu, ya tatu ikiingia ndani ya ya pili, hata kitanda kikitikiswa isichomoke. Alipoinua mkono kufuta jasho, mkono wa shati ukateremka, nikaona ngozi yake toka kiwiko hadi kifundo: makovu ya kuungua, marefu, yaliyopangana, mengine ya zamani sana. Kama yangu, ila mengi zaidi.

Mkuu wa ukumbi wa chakula haungui na pasi. Nililijua hilo palepale. Sikumwambia, wala sikuwaambia wenzangu. Niliona ni majigambo tu ya mtu aliye mbali na kwao. Nani asiyejikuza kidogo ugenini? Kwangu mimi kufua hakukuwa jambo la kuficha. Kulikuwa kunanilisha.

Mwaka uliofuata, kiangazi, akaja Bibi.

Alikuwa mjane wa Kijerumani, nywele nyeupe zimekatwa fupi, anatembelea bakora. Aliwahi kuishi Tanga miaka mingi na marehemu mumewe, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu na kuliko cha watu wote wa Mwaya. Baada ya mumewe kufa aliona hana sababu ya kukaa mahali pamoja, akawa anazunguka dunia. Aliteremka kutoka Tukuyu kwa machela kuja kupanda meli, na meli haikuwapo. Ilikuwa imeharibika mtambo kusini. Akaambiwa asubiri.

Siku ya kwanza alipita kwenye ujia akizigonga picha kwa bakora, moja baada ya moja.

"Hapa nimelala. Hapa nimelala. Hapa nimelala, chakula kibaya." Akafika kwa ile ya Uswisi, akasimama. "Na hapa nimelala kila kiangazi kwa miaka kumi na minne, kabla hatujahamia Tanga. Picha hii imefikaje huku?"

Mhudumu wa meza, kwa furaha, akamjibu kwamba bwana wetu alikuwa mkuu wa ukumbi pale pale. Bibi akasema atafurahi kuzungumza naye. Bwana alikuwa nyuma ya mlango wa stoo. Nilikuwa naye, tunahesabu foronya. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyekanyaga mwiba. Siku hiyo alisema ana homa. Kesho yake alisema anakwenda kukagua kuni, akashinda huko.

Siku ya tatu kungu wakaja. Hawa ni wadudu wadogo wa ziwani. Ukiwa pwani unaona kama moshi unasimama juu ya maji, halafu upepo ukigeuka moshi ule unakujia. Watu wa ziwani huwakamata na kuwafanya mikate, nami nimeila utotoni. Lakini asubuhi hiyo nilikuwa na shuka kumi na nane kambani. Nilipiga kelele, nikaanza kuzivuta, nimechelewa. Zilikuwa nyeusi. Ukimfuta kungu anaacha doa la kijani.

Bwana alitoka mbio. Akavua koti lake jeusi, akakunja mikono ya shati mbele ya watu kwa mara ya kwanza, akasema, "Tusizisugue. Tuzitikise kwanza, halafu maji baridi, sabuni baadaye." Tukafanya hivyo, mimi na yeye, mpishi akichota maji. Kabla jua halijazama kila kitanda kilikuwa na shuka kavu.

Hatukujua kwamba Bibi alikuwa dirishani, anatazama kungu wanavyozifunika.

Kesho yake mchana, wakati wa chakula, niliitwa ukumbini. Haikuwa kawaida. Niliingia mikono imelowa. Mezani alikuwapo Bibi, yule bwana mpima ardhi, na afisa mmoja kijana wa boma. Bwana wetu alikuwa amesimama karibu na kabati la vyombo. Siku hiyo hakupata pa kukimbilia.

"Mama," Bibi akaniambia, "jana niliona wadudu wameziharibu shuka zote. Nami nimelalia shuka safi, kavu, na pembe yake imekunjwa hivi." Akachukua kitambaa cha mkononi akakikunja mara tatu, ya tatu ndani ya ya pili. "Mkunjo huu nimeuona katika nyumba moja tu duniani. Nani amekufundisha?"

Ningeweza kusema misheni. Neno lilikuwa karibu. Lakini nilikuwa nimechoka tangu jana, na nilikuwa na fahari, na nilitaka mwenye sifa apewe sifa yake.

"Bwana mwenyewe, Bibi. Hakuna anayejua kufua kama yeye."

Yule afisa akacheka. "Mkuu wa ukumbi anayefua!"

Nilipomtazama Bwana ndipo nilipojua nimefanya nini. Alikuwa mweupe kama kitambaa cha meza. Bibi akamwambia jambo kwa Kijerumani, polepole. Bwana akavuta pumzi.

"Nitajibu kwa Kiswahili," akasema, "kwa sababu hawa nao niliwadanganya." Akatutazama mimi na mhudumu. "Ile ngazi sikuiona kamwe, Bibi. Nilikuwa chini, chumba cha kufulia. Miaka kumi na mmoja nimeingia kwa mlango wa nyuma wa kupitishia makaa na kutoka kwa mlango wa makaa. Watu wetu hawakuruhusiwa kupanda juu."

"Na ukumbi wa chakula?"

"Naujua kwa vitambaa vyake vya meza. Najua walikula nini na walimwaga nini. Hayo mengine walinisimulia waliobeba sinia."

Bibi akaweka uma wake.

"Basi siku tatu umekuwa ukinikimbia kwa sababu hiyo."

"Ndiyo, Bibi."

"Sipendi kudanganywa," akasema. Akainuka, akachukua bakora, akaenda chumbani. Wale wanaume wawili walimalizia chakula wakicheka mpaka machozi.

Bwana hakunisemesha siku hiyo wala iliyofuata. Aliweka nguo chafu mlangoni akaondoka. Mpishi naye alinilaumu, akasema nimemvua mtu nguo hadharani. Mhudumu hakunilaumu, lakini alikuwa na huzuni yake mwenyewe: alikuwa amewaahidi watu wa kwao kwamba anafundishwa kazi na mkuu wa ukumbi wa Ulaya. Mimi nililia nikiwa nafua, jambo ambalo linafaa, maana hakuna anayekuuliza kwa nini uso umelowa.

Siku ya pili nilimpelekea Bibi maji ya kuoga. Alikuwa ameketi barazani anatazama ziwa. Akaniambia nikae. Nikakaa kwenye ngazi.

"Umekasirika nami?" akaniuliza.

"Hapana, Bibi. Nimekasirika na mdomo wangu."

"Mdomo wako ulisema kweli."

Kisha nikamuuliza jambo ambalo lilikuwa linanisumbua toka picha zile zilipotundikwa. "Bibi, wewe una nyumba kwenu?"

"Ninayo. Kubwa."

"Basi kwa nini kiangazi miaka kumi na minne unakwenda kulala nyumba ya watu?"

Alifikiri sana. Nilipenda kwamba alifikiri.

"Nyumbani kwangu," akasema, "mimi ndiye ninayekumbuka. Nakumbuka mume wangu anapenda nini, watoto, wageni, mbwa. Kule nilikuwa nikifika naona kiti changu kimeelekezwa kwenye dirisha ninalolipenda, blanketi langu la pili lipo miguuni. Kuna mtu amenikumbuka mimi. Na simjui. Nilidhani ni yule mkubwa wa mlangoni mwenye vifungo vya dhahabu." Akacheka kidogo. "Blanketi lilitoka chini, sivyo? Kwa hawa wa makaa."

"Labda, Bibi."

"Labda alikuwa yeye."

Alasiri hiyo alimwita Bwana barazani. Alimwambia aketi; Bwana akasema mwenye kazi haketi na mgeni, akasimama. Walizungumza Kijerumani muda mrefu. Mhudumu, aliyekuwa akijifanya anapanga viti, aliniambia baadaye kwamba Bibi alikuwa akiuliza mambo ya chini tu: walikuwa watu wangapi, walikula nini, mvuke ulitoka wapi, mwanamke wa kutia wanga aliitwaje. Na kwamba Bwana alianza kwa kujibu neno mojamoja, akaishia kuchora kwa kidole hewani.

Meli ilipopata habari ya kuja, Bibi aliniita tena. Aliniomba nifuatane naye. Alihitaji mwanamke wa kutunza nguo zake, anakwenda Afrika Kusini, kisha Bombei, kisha Ulaya. "Zile picha," akasema, "utaziona zenyewe."

Nisiseme sikutamani. Nilipita kwenye ule ujia mara kumi siku hiyo. Mwishowe nilimwendea Bwana, aliyekuwa bado hanisemeshi, nikamkuta kwenye mawe ya kufulia, mikono ya shati imekunjwa, anafua vitambaa vya meza peke yake. Nikapiga magoti upande wa pili wa jiwe nikaanza kusuuza.

"Bibi anataka kunichukua," nikasema.

"Najua."

"Niende?"

Aliendelea kufua kidogo. "Sitakudanganya tena. Utaingia kwa mlango wa makaa. Utalala chini ya paa na wanawake sita, utakula chini ya ardhi. Lakini kazi si mbaya. Wakati wa baridi kule chini ndiko kwenye joto. Nenda ukitaka."

"Kwa nini Bwana hukusema toka mwanzo wewe ni dobi?"

"Nani angelala kwa dobi?"

"Sisi tungefanya kazi kwako vilevile."

Aliinua kichwa akanitazama kana kwamba hilo halikuwahi kumpitia. Kisha akasema nimeacha sabuni kwenye pindo, nisuuze tena. Hapo nikajua tumepatana.

Nilimwendea Bibi nikamwambia asante, ila sitakwenda. Nilimwambia hapa ninapopiga pasi naliona ziwa, na ninaiona Matema alipo mama. Hakunibembeleza. Aliniachia mkasi mdogo wa kushonea, na siku ya kupanda meli, mbele ya afisa yule kijana na watu wote wa bandarini, alimpa Bwana mkono. Wakati ule bibi wa daraja lake hakuwa akimpa mkono mtu wa kufua. Afisa akageuza macho ziwani.

Lakini neno lilishapanda hadi Tukuyu. Walianza kuiita Hoteli ya Dobi. Miezi kadhaa wageni walipungua; wakubwa wa boma waliona heri hema kuliko kulala kwa mtu aliyewapumbaza, na mpishi alikuwa anasinzia jikoni. Bwana aliacha kuvaa lile koti jeusi. Picha hakuzishusha. Mhudumu alipomuuliza kwa nini, alisema wageni wanazipenda, na nyumba zenyewe hazikudanganya, aliyedanganya ni yeye.

Kisha masika yakarudi. Hema la boma likavuja, kama yanavyovuja yote, na afisa yule yule kijana akaja saa tano ya mchana, amelowa, buti mkononi, akiuliza kama kuna chumba. Kilikuwapo. Kilikuwa na shuka iliyotoka kwenye vyungu vya mama, bado ina uvuguvugu. Hakucheka. Mwezi ule vyumba vyote sita vilijaa, na tangu hapo jina la Hoteli ya Dobi lilibaki, ila lilibadilika sauti. Watu walilitaja kama anwani.

Ilidumu hivyo mpaka vita ya Wajerumani na Waingereza. Meli zilikoma. Wageni wakawa majeruhi na wagonjwa wa homa, wawili kila kitanda na wengine barazani, Wazungu na askari weusi, na wapagazi nje chini ya migomba. Bwana alibishana na mkubwa wa jeshi ili wapagazi nao wapewe shuka. Alishindwa, akapasua vitambaa vya meza vya ukumbini akawapa hao. Mimi na yeye tulifua bandeji mpaka vidole vikatoka ngozi.

Waingereza walipovuka mto Songwe na kuingia, Wajerumani waliobaki walikusanywa. Bwana alipewa nafasi ya kuchukua furushi moja. Nilimfungia mashati manne. Alinikabidhi pasi zote tatu, akaniambia nisiziweke penye unyevu na nisikubali mtu azitumie kuvunjia karanga. Aliagana na mpishi na mhudumu kwa mkono, nami vilevile. Akapelekwa kusini kwa meli. Sikupata habari zake tena, si nzuri wala mbaya, ingawa niliuliza kwa kila aliyetoka huko.

Nyumba ilikaliwa na wanajeshi, kisha ikaachwa. Watu wakachukua milango, halafu matofali. Picha sijui nani alizichukua.

Mimi nilirudi Matema. Kwa msaada wa wajomba nilijenga vyumba viwili vya miti na udongo karibu na mahali mitumbwi inapopandwa, kwa ajili ya watu wanaosubiri kuvuka: wauza vyungu, Wakinga wanaoteremka na tumbaku. Vitanda vilikuwa vya kamba. Shuka nilishona kutokana na kitambaa cha marekani, nne tu, mbili kitandani na mbili kambani.

Mgeni wangu wa kwanza alikuwa mzee wa Kikinga, muuza tumbaku, aliyeteremka mlimani siku mbili kwa miguu. Asubuhi nilimgongea nikamsalimu kwa Kinyakyusa, "Mugonile," salamu inayouliza kama mtu amelala. Akajibu amelala vizuri sana. Nikaangalia kitanda: hakikuguswa. Alikuwa amelala sakafuni juu ya mfuko wake.

"Baba, kitanda kina nini?" nikamuuliza.

"Hakina kitu, mwanangu. Ni cheupe. Miguu yangu ina vumbi la Ukinga lote."

"Hiyo shuka nitaifua ukilala au usipolala. Ndiyo kazi yangu."

Alilifikiria neno hilo kutwa nzima, ameketi mlangoni anavuta kiko. Jioni aliomba maji, akanawa miguu mpaka magotini, akaingia. Asubuhi mtumbwi wake ulifika mapema na wenye mtumbwi wakamwita. Alitoka mlangoni amejifunga shuka yangu mabegani, akawatazama wakipakia, akawaambia watangulie tu, yeye atasubiri mwingine.